Nikifundisha uteule nimeshakuwa haipa-kalvini?

Msomaji mmoja ameniandikia, anafundisha Biblia kanisani kwao na kwa wiki kadhaa wamekuwa kwenye Waefeso 1 na Warumi 9. Akafundisha kwamba Mungu aliwachagua watu wake kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, basi mzee mmoja wa kanisa akasimama akamwambia mbele za watu "wewe sasa ni haipa-kalvini". Anauliza hiyo lebo maana yake nini hasa, nani anaamua nani abandikwe, na je, inamhusu? Mwishoni akaongeza kaswali kadogo: yeye akimaliza kuhubiri haiti watu waje mbele, je, hiyo nayo ni dalili?

Ndugu yangu, jibu fupi ni hapana, kwa hayo uliyoyaeleza lebo haikuhusu. Hii lebo, yaani Mkalvini wa kupindukia, ukiifuata kihistoria, haipimi unaamini uteule kwa kiasi gani, inapima unamwambia nini mtu ambaye hajaokoka. Hapo ndo penyewe. Ila najua mzee wako hataridhika na sentensi mbili kwa hiyo ngoja tushuke taratibu.

Shida ya kwanza ni kwamba karibu hakuna anayejiita hivo mwenyewe, watu wanabandikwa. Asiyekubali uteule kabisa anambandika Mkalvini yeyote yule, yaani mfuasi wa mafundisho ya John Calvin, mwanamageuzi wa karne ya 16, anayeshika nne kati ya pointi tano za Ukalvini kuhusu wokovu anambandika anayeshika zote tano, yaani kila mtu anachora mpaka hatua moja mbele ya pale aliposimama yeye halafu anasema waliovuka wamepindukia. Mwaka 1999 Norman Geisler, msomi wa Marekani, aliandika kitabu akawaita Wakalvini wa kawaida wa pointi tano kuwa ndo wenye siasa kali, yeye akajiweka kwenye kundi la wastani, na mwaka uliofuata James White akatoa kitabu kizima kumjibu kwamba hao unaowaita wakali ndo Wakalvini wenyewe, na huo wastani wako Wakalvini hawautambui. Mimi hapo niko na White. Lebo ikimaanisha tu "amenizidi mimi" haitufundishi chochote kuhusu anayebandikwa, inatuambia tu aliyebandika amekaa wapi.

Wapo pia wanaosema haipa-kalvini ni yule anayeamini kwamba katika mpangilio wa maamuzi ya Mungu, uamuzi wa nani aokolewe na nani aachwe unatangulia uamuzi wa kuruhusu anguko la Adamu. Ni mjadala mzito kweli, lakini kama kipimo cha lebo haufai. Theodore Beza aliyemrithi Calvin pale Geneva aliamini hivo. William Twisse naye aliamini hivo, na ndiye alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa baraza la Westminster, la wanatheolojia huko Uingereza, lililoanza 1643, baraza ambalo Ungamo lake sura ya 7 linasema wazi kwamba Mungu anawatolea wenye dhambi uzima na wokovu bure kwa Yesu Kristo. Huwezi kumweka Twisse nje ya Ukalvini halafu ukabaki na Ukalvini wowote wa kuuongelea.

Sasa turudi kwenye chanzo cha hizo pointi tano zenyewe maana watu wanazitaja bila kuzisoma. Zilitoka kwenye sinodi ya Dort huko Uholanzi, 1618 hadi 1619, zikiwajibu wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa huko huko aliyepinga uteule usio na masharti, waliokuwa wametoa pointi zao tano mwaka 1610. Ukifungua fungu la pili, lile lile la kifo cha Kristo kwa ajili ya wateule, kifungu cha 5 kinasema ahadi ya injili pamoja na amri ya kutubu na kuamini itangazwe kwa mataifa yote na watu wote bila ubaguzi. Halafu fungu la tatu na la nne kifungu cha 8 kinasema wote wanaoitwa na injili wanaitwa kwa dhati kabisa, Mungu hatanii. Kwa hiyo Dort walishika vyote viwili, uteule usio na masharti na wito wa kweli kwa kila msikiaji, na hawakuona haja ya kukitupa kimoja ili kingine kipumue. Lebo yetu inaanza pale mtu anapoamua kukitupa hicho cha pili.

Na hilo lina tarehe. Mwaka 1707 mchungaji mmoja wa Cambridge, Joseph Hussey, alitoa kitabu ambacho kichwa chake kinatangaza msimamo mzima: kuna utendaji wa neema ya Mungu, ila hakuna ofa za neema yake. Hoja yake ni kwamba Kristo ahubiriwe, atangazwe, lakini asitolewe kwa watu kama kitu cha kupokea au kukataa, kwa sababu neema ni kazi ya Roho ndani ya mtu na maiti haipewi ofa. Mtu wa kanisani kwake, John Skepp, akaenda kuwa mchungaji wa Wabaptisti London, na mawazo yakasambaa huko. Mpaka hapo ubishi ulikuwa kuhusu ofa tu.

Moto wenyewe uliwaka 1737. Matthias Maurice, mchungaji wa Rothwell kule Northamptonshire, akachapisha kijitabu kuhusu swali linalojulikana kama "Swali la Kisasa": je, ni wajibu wa wenye dhambi wasiookoka, wanaosikia injili ikihubiriwa, kumwamini Kristo? Yeye akajibu ndiyo. Mwaka uliofuata Lewis Wayman wa Kimbolton akajibu hapana, na baadae John Brine wa London akasimama upande wa hapana. Soma swali hilo mara mbili ndugu yangu, maana halimtaji kabisa Mungu amechagua nani, wote waliokuwa wanabishana walikuwa wanaamini uteule!

Upande wa hapana haukuwa wa wajinga, tena hoja yao ina akili nyingi kuliko watu wanavyodhani. Walisema Adamu kabla hajaanguka alidaiwa utii wote, sawa, lakini hakudaiwa kumwamini Mkombozi maana hakuwa na dhambi ya kukombolewa, kwa hiyo uwezo wa imani iokoayo hakuwahi kuwa nao, na kama hakuwa nao basi hatukuupoteza ndani yake, na kitu ambacho hatukuwahi kukipewa wala kukipoteza hatuwezi kudaiwa. Hivo mtu asiyeokoka anadaiwa kushika sheria, anadaiwa hata kukubali kwamba Biblia inasema kweli, ila hadaiwi kumwamini Kristo kwa wokovu. Hiyo ni zawadi, na zawadi sio deni.

Ukiangalia vizuri utaona kitu cha kuchekesha kidogo: wamesimama kwenye msingi ule ule wa Waarminio. Mwarminio anasema Mungu ameamuru wote waamini kwa hiyo lazima wote wamepewa uwezo wa kuamini. Hawa wanasema wote hawana uwezo kwa hiyo haiwezekani wote wameamriwa. Pande zote mbili zimekubaliana kimya kimya kwamba wajibu unaishia pale uwezo unapoishia. Mkalvini wa Dort anakataa hapo hapo kwenye msingi, anasema aliyetapanya mkopo wote anabaki na deni hata kama mfuko hauna kitu.

Mtu aliyelichambua hili kuliko wote ni Andrew Fuller, Mbaptisti wa Uingereza, na alilianza akiwa kijana mdogo kabisa. Kanisani kwao Soham karibu mwaka 1770 muumini mmoja alikutwa amelewa. Fuller, ana miaka 16 tu, akamfuata kumkemea, yule bwana akamjibu kwamba hangeweza kujizuia, yeye sio mlinzi wa nafsi yake. Fuller akaona hicho ni kisingizio. Kanisa likamtenga mlevi, hilo halikuwa na ubishi, lakini likabaki swali: je, mtu ana uwezo wowote wa kutii? Mchungaji wao John Eve akasema kwenye matendo ya nje ndiyo, mtu anaweza kujizuia, baadhi ya waumini wakaona hata hapo amelegea, wakagombana mpaka Eve akaondoka mwaka 1771. Angalia hilo vizuri maana Eve mwenyewe, kwa maelezo ya Fuller, alikuwa amekolea huo huo Ukalvini wa kupindukia na hakuwa na la kuwaambia watu wasiookoka akiwa mimbarani. Akaja kuonekana analegea na watu waliomzidi yeye.

Fuller akaja kuwa mchungaji hapo hapo, akasoma sana, Jonathan Edwards wa Marekani akamsaidia kutenganisha kushindwa kwa aina mbili: kushindwa kwa sababu huna viungo au akili ya kufanyia, na kushindwa kwa sababu hutaki. Kipofu hadaiwi kusoma. Lakini anayemchukia ndugu yake kiasi kwamba "hawezi" kumsalimia, huyo hiyo hawezi yake ndo kosa lenyewe. Mwenye dhambi hawezi kumjia Kristo kwa sababu hataki, na hataki kabisa, ndo maana anahitaji Roho amgeuze, na ndo maana pia ana hatia. Akaandika hayo kwenye kitabu kilichotoka 1785, na miaka saba baadae, Oktoba 1792, huko Kettering yeye na William Carey na wenzao wakaanzisha shirika la misheni la Wabaptisti. Ile stori maarufu ya mchungaji mmoja, mzee Ryland, kumwambia Carey akae chini, Mungu akitaka kuwaokoa wapagani atafanya bila yeye, mtoto wa huyo mzee mwenyewe alisema haamini kama ilitokea, kwa hiyo usimpigie nayo mtu. Ila uhusiano kati ya Swali la Kisasa na misheni ni wa kweli kabisa: kama msikilizaji hana wajibu wa kuamini, unaenda kumwambia nini?

Fuller pia alitupa mgawanyo mzuri. Alisema kuna Wakalvini wa juu, wa wastani na wa kufuata barabara. Wa juu kwake walikuwa watu wenye Ukalvini kumzidi Calvin mwenyewe, wanaokaribia kuitupa sheria, wa wastani nusu wako kwa Arminius, na yeye akajiweka kwenye hao wa tatu. Tatizo ni kwamba "wa juu" na "wa kupindukia" baadae yakachanganywa, wengine wakayatumia kama kitu kimoja, wengine la, na huo mchanganyiko tunao mpaka leo.

Kuna jina moja ambalo lazima nilitaje maana ndilo linaloivunja kila tafsiri: John Gill, mchungaji wa Wabaptisti London kwa miaka zaidi ya 50, akafa 1771. Aliamini wateule walihesabiwa haki tangu milele, sio siku wanapoamini. Alipomjibu John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, mwaka 1752 aliandika kwamba anakana kabisa kuwepo kwa ofa za neema kwa watu wote, tena anakana hata kwa wateule, maana kwao neema imeandaliwa kwenye agano, inatangazwa na injili na kuwekwa ndani yao na Roho. Ukiishia hapo utasema kesi imefungwa. Lakini huyo huyo alisema injili ihubiriwe kwa wote na kwamba watu wana hatia kwa kutoliamini lile lililofunuliwa kwao. Kwa hiyo wasomi wamegawanyika mpaka kesho. Tom Nettles, mwanahistoria wa Wabaptisti, amemtetea kwamba sio haipa, Curt Daniel akaandika tasnifu nzima Edinburgh mwaka 1983 akisema ndiye. Ukiniuliza mimi, Gill amesimama mlangoni, na waliomfuata wakaingia ndani.

Waliofika ndani kabisa wameandika wenyewe, na hapa huhitaji kukisia. Wabaptisti wa Gospel Standard huko Uingereza wana vifungu vya imani, vingine viliongezwa 1878. Kifungu cha 26 kinakana wajibu wa imani na wajibu wa toba. Cha 29 kinakubali injili itangazwe ulimwenguni kote kama Marko 16:15 inavyosema, halafu kinakana ofa za neema. Cha 33 kinasema wahudumu wa siku hizi wakiwahutubia wasiookoka, au wote kwa ujumla kwenye kusanyiko mchanganyiko, wakiwaita watubu na kuamini kwa wokovu, wanadokeza kwamba kiumbe ana uwezo na wanakana ukombozi wa wateule. Nawaheshimu kwa uwazi wao. Na unaona mimbarani inavyokuwa: mhubiri akifika Mathayo 11:28, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo", anasimama kwenye msumbukao, anasema huu mwaliko ni wa aliyekwisha kuhisi mzigo wake, wewe ambaye huhisi chochote haujaitwa. Basi msikilizaji anaacha kumwangalia Kristo, anaanza kujipima kama amesumbuka vya kutosha. Fuller mwenyewe alipita hapo ujanani, alikawia kumwendea Kristo kwa sababu alidhani anahitaji kwanza kibali cha kumwendea.

Tafsiri za wasomi wa karibuni zinazunguka hayo hayo. Peter Toon, aliyeandika historia ya jambo hili 1967, alikazia jinsi walivyovuta kila kitu kwenda umilele, kuhesabiwa haki tangu milele, agano tangu milele, mpaka mtu na wajibu wake ndani ya wakati akapotea. Curt Daniel amekusanya mengi kwenye sentensi moja ndefu, siri ya Mungu kuwekwa juu ya yaliyofunuliwa, umilele juu ya wakati, ila ukimkamua linalobaki ni moja: kukana ofa. Phil Johnson wa Marekani akatoa kipimo chenye matawi matano: anayekana kwamba wito wa injili ni kwa wote wanaosikia, au kwamba imani ni wajibu wa kila mtu, au kwamba injili ina ofa kwa wasio wateule, au kwamba ipo neema ya jumla, yaani wema wa Mungu kwa watu wote hata wasio wateule, au kwamba Mungu ana upendo wa aina yoyote kwa wasio wateule. Yoyote kati ya hayo matano inatosha kukubandika.

Hapo kwa Johnson mimi napunguza mwendo. Mawili ya kwanza sawa, ndo Swali la Kisasa lenyewe. Lakini mawili ya mwisho yananasa watu wengine. Mwaka 1924 Herman Hoeksema, mchungaji wa Grand Rapids, alikataa fundisho la neema ya jumla lililopitishwa na sinodi ya kanisa lake pale Kalamazoo, akatolewa, likazaliwa kanisa la Protestant Reformed. Hao wanakana neema ya jumla, wanakana kwamba Mungu ana nia ya kumwokoa kila anayehubiriwa, lakini wanahubiri kwa wote na wanaamuru wote watubu na kuamini. David Engelsma wa kanisa hilo akaandika kitabu kujitetea na hoja yake ni rahisi: haipa ni anayekana wito kwa wote, sisi hatukani, kwa hiyo tutafutieni jina lingine. Mimi sikubaliani nao kuhusu nia ya Mungu, Ezekieli 33:11 inanishinda kuizunguka, lakini kwenye lebo naona wana haki. Wamekosea pengine, ila sio kosa la Wayman. Ukimwita kila aliyekosea upande huo haipa-kalvini utakosa jina la kumwita yule anayemwambia msikilizaji kwamba hana wajibu wa kumwamini Kristo.

Kwa hiyo tafsiri ninayoitumia mimi ni nyembamba: Mkalvini wa kupindukia ni yule anayetoa kwenye uteule hitimisho kwamba sio kila anayesikia injili anaamriwa na kuitwa kumwamini Kristo. Matendo 17:30 inasema Mungu "anawaagiza watu wote wa kila mahali watubu", na mtu anayelazimika kupunguza hapo kwenye wote, huyo ndiye. Asiyepunguza, hata akifundisha Warumi 9 mwaka mzima, siye.

Muulize mzee wako kwa upole, peke yenu, sio mbele za watu kama alivyofanya yeye: ni lipi nililosema lililomzuia mtu kuja kwa Kristo? Akikuta lipo, msikilize, maana inawezekana, kuna walimu vijana wakishaonja uteule wanakuwa na aibu ya kusema "njoo". Akisema ni uteule wenyewe, mkumbushe Spurgeon. Spurgeon, mhubiri maarufu wa Wabaptisti, alihubiri uteule waziwazi, na alipofika London mwaka 1854 kuchunga kanisa lile lile lililowahi kuwa la Gill, mwaka mmoja tu baadae jarida la Wabaptisti wa upande wa mahaipa likatoa barua iliyotia shaka hata kama ameokoka, kwa sababu alikuwa anawaita wote. Wengi wanaamini mwandishi alikuwa James Wells, jirani yake. Haiwezekani mtu awe haipa kwa mzee wako na awe msaliti kwa mahaipa wenyewe kwa mahubiri yale yale.

Na hilo la kutoita watu mbele, hapana, sio dalili. Huo utaratibu ulipata umaarufu mkubwa kwenye karne ya 19 Marekani, hasa kwa mhubiri Charles Finney miaka ya 1830. George Whitefield, mhubiri Mkalvini wa karne ya 18, alihubiria maelfu viwanjani bila huo utaratibu na hakuna aliyemsikia akabaki hajui kwamba anaitwa. Unachotakiwa kuangalia ni sentensi zako za mwisho kabla hujakaa. Kama unamaliza kwa kueleza tu jinsi Mungu anavyookoa wateule halafu unasema tuombe, ongeza hapo maneno ya kumwelekea mtu moja kwa moja, wewe uliyekaa hapo, tubu, mwamini Kristo, leo, hatakutupa nje. Yohana 6:37 ina vyote viwili kwenye mstari mmoja, wote anaopewa na Baba watakuja na ajaye hatatupwa, anza nayo kipindi kijacho na mwalike mzee akae mbele.